Magunzi Saba Juu ya Dungu

Karatasi ililetwa nyumbani kwangu Jumatatu, imekunjwa mara mbili ndani ya daftari la kitukuu changu. Ana miaka saba, yuko darasa la kwanza hapa Kibiti. Mama yake, ambaye ni mjukuu wangu, alinisomea kwa sauti ingawa kwa miwani bado naona vizuri. Hajibu akiulizwa. Hashiriki na wenzake. Hatamki herufi mbele ya darasa. Yalikuwa mambo matano, na kila moja limetiwa alama ya kosa pembeni. Chini kabisa palikuwa na mstari wa mlezi kutia saini, kwamba amekubali mtoto arudishwe akakae mwaka mwingine na wadogo zake wa chekechea.

"Tia saini, bibi. Baba yake yuko safarini."

"Sitii."

"Bibi jamani, ni karatasi tu."

"Ndiyo maana sitii. Ingekuwa mtu ningezungumza naye."

Kesho yake nikajifunga ushungi, nikaenda mwenyewe. Mwalimu wake ni binti mdogo, mwenye adabu. Aliniamkia, akanipa kiti chake yeye akasimama. Nikamwambia, "Mwanangu, humu umeandika mambo matano asiyoyafanya. Anayoyafanya ni yapi?" Akaigeuza karatasi mbele na nyuma, maskini, kana kwamba jibu limeangukia upande wa pili. "Bibi," akasema, "fomu haina nafasi hiyo."

"Basi nipe msimu mmoja," nikamwambia. Maneno yale yalinitoka kabla sijakumbuka kwamba si yangu. Ni ya bibi yangu, aliyemzaa mama yangu, na aliyasema zaidi ya miaka sitini iliyopita, huku mikono yake ikisuka ukili wa mkeka. Kaa nami kidogo nikueleze, maana hili si jambo la kuelezwa mtu amesimama.

Wakati huo Mwingereza bado anatawala. Kijijini kwetu, upande wa Dimani, tulimwona mara chache, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akipita na kofia yake ngumu na matarishi nyuma. Skuli ya serikali ilikuwa mbali, na karani wake alikuwa na kipimo kimoja cha mtoto: pitisha mkono juu ya kichwa, ukigusa sikio la upande wa pili umekua, usipogusa rudi mwakani. Sisi tulikicheka kipimo kile. Lakini nasi tulikuwa na chetu. Chuoni kwetu, tulikosomeshwa Kurani, mtoto alipimwa kwa sauti.

Chuo kilikuwa baraza ya nyumba ya mwalimu, mikeka imetandikwa mpaka ukingoni. Tulikuwa watoto kama thelathini, kila mmoja na ubao wake na somo lake, wote tukisoma kwa pamoja kwa sauti ya juu huku tukiyumba mbele na nyuma. Mwenye alifu alisoma alifu yake, mwenye sura alisoma sura yake. Mpita njia angesikia fujo. Mwalimu alikaa amefumba macho, fimbo yake ya henzirani imelala mapajani, na ukinyamaza wewe mmoja kati ya wote wale, alijua. Henzirani ilikufikia kabla macho hayajafumbuka. Sisemi haya kwa dhihaka. Kila herufi niliyo nayo ametia yeye kichwani mwangu, na sijaacha kumwombea kila Ijumaa. Ila kipaji chake kilikuwa na upofu wake: aliamini kwamba asiyesikika hana kitu.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, hakusikika. Alikuwa na miaka minane. Bibi mwenyewe ndiye aliyempeleka chuoni, kwa ubani na kwa yale maneno ya ada: "Maalim, nyama yako, mifupa yangu." Yaani mpige umfunze, ila nirudishie mtoto wangu mzima. Mwaka wa kwanza alikaa mkekani akiyumba kama sisi, midomo imefungwa. Mwaka wa pili vilevile. Akiitwa mbele peke yake aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, na hapo hata umwage maji ya moto huelewi kama amesikia. Nyumbani alisema "ndiyo," alisema "nimeshiba," basi. Watoto walimwita Bubu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimekwisha kuingia juzuu ya pili, na sikuwakataza. Kusema kweli niliona haya kuitwa dada yake.

Jumatano moja, mpunga bondeni umeanza kutia maziwa, mwalimu alimwita bibi barazani.

"Mama, huyu nimemwuliza mara elfu. Kichwa chake kibuyu kitupu. Nikizidi kumpiga nitapata dhambi bure. Mwondoeni, mtafutieni kazi ya mikono."

Kazi ya mikono haikuwa mbali. Mjomba alikuwa Salale, kwenye visiwa vya mikoko, na mkewe alikuwa na watoto watano na anataka msichana wa kumshikia watoto na kumenya kamba. Kila baada ya mavuno mjomba alikuja kuchukua mpunga. Safari hii angeondoka na mpunga na mtoto. Wasichana waliokwenda hivyo tuliwajua. Wengine tuliwaona tena siku ya kuolewa, wengine hatukuwaona. Mama mdogo alilia siku ya kwanza. Siku ya pili akaanza kufua nguo za mwanawe.

Bibi alisikiliza shauri lote akisuka ukili. Halafu akasema, "Nipeni msimu mmoja."

"Msimu wa nini, mama?" mama mdogo akauliza.

"Wa kuamia ndege. Nitakwenda naye bondeni. Mpunga ukivunwa, nitasema mimi kama anakwenda au haendi."

"Maalim amekwisha kusema."

"Maalim amesema aliyoyasikia. Mimi nataka kuyaona."

Ndivyo tulivyoshuka bondeni watu watatu: bibi, mimi, na yeye nyuma yetu kama kivuli.

Kama hukuwahi kuishi juu ya dungu, pole. Ni nyumba iliyosimama kwa miguu mirefu katikati ya shamba la mpunga, sakafu ya fito, ukuta wa matete upande mmoja, paa la nyasi, na ngazi ya kupandia. Mto ukifurika maji yanapita chini yako, unalala juu yake kama mgeni wa heshima. Maji yakishuka, chini ya dungu panakuwa kivuli cha kutwangia na kupikia. Asubuhi ukungu unaufunika mpunga, unaona madungu ya majirani yanaelea kama vichwa vya watu wanaooga. Halafu jua linatoka, na ndege nao. Kutoka dungu letu zilikwenda kamba tano mpaka pande zote za shamba, na kwenye kila kamba yametundikwa makopo na vipande vya madebe ya mafuta ya taa. Ukivuta kamba, makopo yanalia, ndege wanaruka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya watoto tangu alfajiri mpaka jua kuzama, na katikati yake tulicheza.

Siku ya kwanza bibi aliniita pembeni. "Wewe una macho makali ya kuona makosa ya watu. Leo nakupa kazi yake. Mtazame mwenzako anavyocheza. Usimfundishe, usimsahihishe, usimsukume aseme. Kila jioni kabla ya magharibi uje unieleze."

Nilifurahi kama niliyepewa cheo. Jioni nikaja na hesabu yangu tayari. "Leo hakusema na mtu, bibi. Nilipomwita hakuitika. Watoto wa jirani walimwimbia, hakuwajibu."

Bibi alikuwa akipakua. "Hayo ni matatu asiyoyafanya. Sikukuuliza asichofanya. Amefanya nini?"

"Hakuna."

"Mtu hai, kutwa nzima, hakufanya kitu?"

Ukoko wa wali, ambao siku zote ulikuwa haki yangu, jioni ile ukawekwa kwenye sahani ya mdogo wangu. Nilielewa kwamba kazi hii haikuwa niliyoidhania.

Siku ya tatu ndipo nilipoanza kuona, na nilianza kwa hasira. Mimi nilivuta kamba zote tano kwa zamu bila kupumzika, napiga na kelele juu yake, huku yeye amekaa tu na kamba moja mkononi. Nikasema moyoni, jioni nitamsema. Lakini kumsema kulihitaji jambo alilofanya, kwa hiyo nilimtazama vizuri. Alikuwa akingoja. Kundi la ndege likizunguka hewani hakufanya kitu. Likishuka tu, miguu inagusa masuke, alivuta kamba ya pembe ileile, mara moja. Ndege wakakimbia mpaka ng'ambo ya mto. Upande wangu walikuwa wakila na makopo yakilia vichwani mwao. Walikwisha kuzizoea kelele zangu.

Nilimweleza bibi shingo upande. Aliugawa ukoko nusu kwa nusu.

Kisha kulikuwa na mdako. Chini ya dungu la jirani palikuwa na shimo dogo la mdako, na watoto watatu wa nyumba ile walikuja kutuita. Unajua mchezo wenyewe: komwe, zile mbegu ngumu za mviringo, zinakaa shimoni, unarusha moja juu, na kabla haijashuka unazikumba zilizobaki nje, unarusha tena, unazirudisha zote isipokuwa moja, na hiyo ni yako. Mkubwa wao alikuwa hodari wa mkono na hodari zaidi wa mdomo.

"Bubu naye anacheza? Atahesabu kwa nini, kwa kope?"

Mdogo wangu alikaa akatazama. Mkubwa yule alirusha, akakumba, akarudisha, akainua mkono kushangilia. Mdogo wangu akanyoosha kidole, akamgusa ngumi iliyofungwa. Akaigusa tena. Wenzake wakaifungua kwa nguvu, na ndani mkawa na komwe ya ziada.

"Mwizi!"

"Sikuiba! Imenigandia kwa jasho!"

"Jasho lako lina gundi?"

"Huyu Bubu ana macho ya kunguru, simtaki hapa!"

Lakini walimtaka. Kuanzia siku ile hakuna mchezo ulioanza bila yeye kukaa ukingoni mwa shimo, kwa sababu wote walijua kwamba hesabu ya kila mtu iko kichwani mwake. Wakigombana walimtazama, naye alionyesha vidole, na ugomvi ukaisha. Nilikimbia dunguni kwetu jua bado liko juu. "Anahesabu, bibi! Na siyo zake tu. Anahesabu za watu wote!"

Mkono wa bibi ulisimama juu ya ungo. "Endelea kutazama," akasema.

Niliendelea, sasa kwa kupenda. Nilimwona akijenga uzio wa vijiti kwenye mfereji wa shamba, kama ule wanaotega wavuvi, mdogo wa kukamata vidagaa. Maji yakauvunja. Hakulia, hakuita mtu. Alikaa akachungulia maji yanapopita, akaujenga tena mdomo ukiwa upande mwingine. Ukavunjika. Mara ya tatu ukasimama, na jioni tulikula samaki watatu wa kidole kidole waliotiwa chumvi na pilipili, na bibi aliwasifu kama ameletewa kambale. Niligundua kwamba nilikuwa nimeishi na mtoto huyu nyumba moja miaka minane, na kumbe nilikuwa najua jina lake tu.

Siku ya magunzi ilikuja mchana, wakati wa jua kali ambapo hata ndege hupumzika. Nilikuwa natoka kuteka maji. Nilipokanyaga ngazi ya dungu nikasikia juu kikohozi cha mwalimu. Mwalimu amekuja lini? Halafu nikasikia anavyofyonza meno akikasirika. Nikapanda taratibu mpaka macho yakalingana na sakafu.

Hakuwa mwalimu. Alikuwa mdogo wangu, amekaa, amefumba macho, kijiti mapajani. Mbele yake alikuwa amepanga magunzi saba ya mahindi, yamevishwa vipande vya matambara. Alikuwa akisomesha. Alisema alifu kwa sauti ya mwalimu, na gunzi la kwanza likaitikia kwa sauti nyembamba, na la pili kwa sauti ya mafua. Akashuka herufi zote mpaka ya mwisho. Akaingia sura fupi, moja baada ya nyingine, mpaka akafika zile ambazo mimi mwenyewe, mwenye kujivuna na juzuu yangu, nilikuwa bado najikwaa. Yeye hakujikwaa. Miaka miwili amekaa katikati ya kelele zetu amefumba mdomo, na alikuwa ameyaokota masomo ya thelathini.

Nikashuka kwa ncha za vidole. Bibi aliposikia aliweka kiganja ardhini, akasema, "Alhamdulillahi." Nikamwambia tumwite asome mbele yetu. Akanikemea kwa mara ya kwanza msimu ule. "Kuku akiwa anataga humfunulii kapu. Tukimwita atafunga mdomo, na safari hii hataufungua tena. Aje mwalimu asikie mwenyewe."

Kwa desturi, pepeta za kwanza za msimu zilipelekwa kwa mwalimu. Mwaka ule bibi alipeleka salamu: magoti hayamchukui, maalim ajitahidi aje azile zingali moto. Unakumbuka harufu ya pepeta? Mpunga mbichi umekaangwa chunguni, unamwagwa kinuni ungali unatoa moshi, unatwangwa mpaka unakuwa bapa kama magamba ya samaki. Harufu ile ikivuka shamba, mwenye hasira husamehe. Kwa hiyo mwalimu alikuja, kwa mtumbwi, kanzu imefungwa kiunoni.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, maalim. Juu usipande, ngazi imelegea. Kaa hapa kivulini."

Ngazi haikulegea hata kidogo. Jioni ile bibi alirefusha sana dua yake, na mpaka leo nadhani nusu yake ilikuwa kwa ajili ya ngazi.

Mwalimu alikaa juu ya mkeka chini ya dungu. Bibi na mimi tulitwanga kwa zamu, akala, akasifu. Ulikuwa mchana, jua kali. Mara bibi akauinua mchi na hakuushusha. Na juu yetu, kati ya fito za sakafu, kikashuka kikohozi.

Mwalimu akainua kichwa.

"Wewe! Unayumba kama mlevi, husomi!" ilisema sauti yake mwenyewe kutoka juu. "Haya, soma." Gunzi likasoma. "Wa pili." La pili likasoma. "Na wewe? Na wewe? Nimekuuliza mara elfu. Kichwa chako kibuyu kitupu!"

Mkono wa mwalimu, umejaa pepeta, ulisimama nusu ya njia kwenda mdomoni.

"Na wewe, dada wa kwanza, unatazama nini?" Sauti sasa ilikuwa ya ukali wa aina nyingine. "Kazi yako kumtazama mwenzako, jioni ukamseme kwa bibi. Unadhani hatukuoni? Geuka ukutani."

Nilitamani kinu kinimeze. Mimi niliyewekwa kumtazama, kumbe muda wote nilikuwa ninatazamwa. Na alikuwa amenisoma sawasawa kuliko nilivyomsoma mimi.

Halafu mdogo wangu akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ambayo sikuwahi kuisikia ikivuka maneno matatu, ya chini, tulivu kabisa. "Wote geukeni. Mpeni mgongo, asome. Tutamngoja."

Tukasikia magunzi yakigeuzwa, moja moja, juu ya fito. Kisha gunzi la mwisho, lile lenye kichwa cha kibuyu, likasoma sura kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mahali pamoja lilipotea, likarudi nyuma, likajisahihisha, likaendelea. Hakuna aliyelipiga.

Mwalimu alizirudisha pepeta sahanini. Alipozungumza alinong'ona, lakini shingo ilikuwa imemsimama. "Mama, umenikalisha chini ya dungu kama kuku, nisikie mtoto akinidhihaki?"

"Hakukudhihaki, maalim. Amekuhifadhi. Hata kikohozi hakukosea."

"Kwa nini basi hanisomei mimi?"

"Hilo amelijibu mwenyewe, umemsikia." Bibi aliulaza mchi. "Nilikupa nyama, maalim, na sikurudi kuidai. Mifupa ni yangu. Na mifupa hii haiendi Salale kumenya kamba kwa sababu haisikiki katika kelele za wenzake."

Kwetu mwalimu hakuambiwa maneno kama hayo, na mwanamke hakuwa wa kuyasema. Alisimama, akavaa kofia, akaenda kwenye mtumbwi wake. Kapu la pepeta tulilomfungashia lilibaki mkekani. Nikaanza kulia. "Umemfukuza, bibi. Sasa mdogo wangu atakwenda Salale kweli."

"Sikumfukuza. Mwache maalim aende. Na yeye ni mtoto wa mtu, naye hukua."

Nilipanda juu. Mdogo wangu alinitazama, hakuinamisha kichwa. Sikujua namna ya kuomba radhi kwa mtu niliyemfanyia kosa la kumtazama vibaya. Nikakaa tu karibu na magunzi. Baada ya muda alinyoosha mkono, akalichukua lile gunzi la dada wa kwanza lililokuwa limeelekezwa ukutani, akaligeuza likamtazama.

Tukavuna. Mjomba akafika. Mama mdogo alikwisha kuzifunga nguo za mwanawe ndani ya kanga, kitita kikawa mlangoni. Ilikuwa Jumamosi, chuo kinafunguliwa. Bibi alimshika mtoto mkono, akampeleka barazani bila kuitwa, na mjomba akafuata akisema, "Mama, mashua inangoja maji, haitungoji sisi." Mwalimu alituona. Hakusema karibuni, hakusema ondokeni. Alifumba macho, tukasoma, mdogo wangu akayumba midomo imefungwa. Bibi alisimama uani asubuhi nzima.

Adhuhuri ilipokaribia mwalimu aliwaruhusu watoto. "Huyu abaki," akasema.

Nilijificha nyuma ya kiambaza cha makuti, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu. Mwalimu alichukua henzirani akaitupa uani. Akaunyanyua mkeka wake, akaugeuza, akakaa akitazama ukuta. Mzee yule aliyekuwa akiogopwa na kijiji kizima alikaa amempa mgongo mtoto wa miaka minane, akasema, "Soma, mwanangu. Hakuna anayekutazama. Nitangoja."

Alingoja kweli. Jogoo aliwika, kivuli cha nguzo kikasogea, mjomba akajikohoza mara mbili na bibi akamnyamazisha kwa mkono. Na halafu ikaja ile sauti ya chini, tulivu, kutoka mwanzo wa sura.

Mjomba aliondoka na mpunga wake tu.

Sitakudanganya kwamba siku ile ilimfanya msemaji. Mpaka anaingia kaburini, Mbwara alikoolewa, mdogo wangu hakuwahi kusoma kwa sauti mbele ya hadhara, na arusini alikaa jikoni. Lakini alihitimu msahafu mwaka mmoja tu baada yangu, kila siku adhuhuri, kwa mgongo wa mwalimu. Na wasichana wangapi wa Mbwara wamesoma kwake, wakikaa nyuma yake anaposuka mkeka, anawasikiliza bila kugeuka, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Namshukuru kwa yote, kwa alichonipa na kwa alichokichukua.

Madungu yamekwisha. Baada ya uhuru tulihamishwa kutoka bondeni, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara, na mto wenyewe siku hizi haufuriki kama ulivyofurika. Madebe hayalii. Watoto wa mtaa wangu hawajui mdako, na hata wangeujua, pa kuchimba shimo hapapo. Wanangu kwa kunipenda wameusakafia ua wote saruji mpaka mlangoni, nisije nikateleza. Ni ua safi. Mtoto hana cha kufanya humo ila kukaa na kutazamwa.

Karatasi bado iko chini ya mto wangu wa kulalia, haina saini. Mwalimu binti amenipa mpaka muhula uishe. Nimempenda kwa hilo. Nimemwambia pia kwamba muhula ukiisha nitakwenda na karatasi yangu mwenyewe, nimeandika anayoyafanya mtoto, na yeye aitafutie nafasi kwenye fomu yake. Wakikataa nitakwenda kwa mkubwa wake, na wa juu yake. Miguu yangu mibovu, lakini subira ninayo, nilifundishwa na watu wawili wasiopenda kelele.

Jana mjukuu wangu alirudi sokoni akanikuta uani nimesimama na fimbo, kijana wa jirani anapasua saruji kwa sururu, na kitukuu changu amechuchumaa pembeni, anatazama vumbi linavyoruka.

"Bibi! Saruji hiyo ni ya juzi tu! Unachimba nini?"

"Shimo," nikamwambia. "Usimsemeshe mtoto. Niletee komwe."